Mchoraji wa Mimea na Neno "Utupa"

Aghalabu mwalimu wa Kiswahili anapoulizwa maana ya jina la mmea hukimbilia kamusi. Huko hukuta "aina ya mti" au "aina ya mmea", akaifunga akiwa hana la kuwaambia wanafunzi.

Hapa Mbarara tatizo hili twalijua vyema. Baadhi ya wanafunzi wetu hutoka Nakivale, wilayani Isingiro, makazi ya wakimbizi tangu 1958, ambako Kiswahili cha Kongo hukutana na cha Burundi na kwingineko. Mboga ambayo Mkongo huiita lengalenga, mwingine huiita mchicha, na jirani yao wa Uganda dodo. Hivyo ni visawe tu, havimdhuru mtu. Hatari ipo pale jina moja linapobeba mimea miwili.

Tuchukue utupa. Kwa baadhi ya wazungumzaji ni kichaka chenye vijani vilivyopangika mbilimbili, maua ya zambarau au meupe na maganda ya mbegu yenye manyoya (Tephrosia vogelii). Wengine huuita hivyo mnyaa (Euphorbia tirucalli), mti wa ua wenye matawi ya kijani mfano wa penseli, ambao utomvu wake ukiingia machoni huweza kupofusha. Mimea yote miwili imetumiwa kulevya samaki. Jina limefuata kazi, si umbo. Ole wake mkulima atakayepewa tafsiri isemayo "chuma majani ya utupa"!

Hapo ndipo tunapomhitaji mchoraji wa mimea. Huyu huanza asubuhi, ua likiwa bichi. Hushika rangi kwanza, maana hupotea upesi. Kisha hupima kila sehemu kwa bikari, hulipasua ua na kuhesabu stameni chini ya lenzi. Akiletewa mmea mkavu, huliloweka ua katika maji ya moto hadi lilainike. Kamera huonyesha jani moja tu, pengine lililotobolewa na mdudu. Mchoraji hulinganisha vielelezo kadhaa, akaweka ua, tunda na mbegu ukurasa mmoja, hata kama shambani havionekani pamoja.

Afrika Mashariki inamkumbuka Joy Adamson kwa simba wake Elsa, lakini kabla ya hapo alichora mimea ya Kenya, akapata nishani ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947. Mfululizo wa vitabu kuhusu mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, uliochapishwa kuanzia 1952 hadi 2012, ulitegemea zaidi michoro ya wino mweusi. Kwetu walimu hiyo ni nafuu: hutoka vizuri kwenye mashine ya fotokopi.

Tuliwagawia wanafunzi michoro ya mimea hiyo miwili bila majina. Wawili waliandika "utupa", kila mmoja chini ya mchoro tofauti, wakabishana hadi kipindi kikaisha. Michoro hiyo imo ofisini. Anayeihitaji atoe nakala, ila asiondoke na ile ya asili.