Yeni Kumi za Mtoto

Nchini Japani, mtoto aokotapo pochi njiani, au hata sarafu moja ya yeni 10, hufundishwa kuipeleka katika kituo kidogo cha polisi wa mtaa, kiitwacho koban. Askari hamcheki wala hamfukuzi. Humwuliza mahali alipoiokota, kisha huandika maelezo yake kama ambavyo angeandika ya mtu mzima. Mali hiyo huhifadhiwa miezi 3. Mwenyewe asipotokea, aliyeiokota aweza kupewa.

Mwaka 2018 polisi wa Tokyo walikabidhiwa fedha taslimu zilizookotwa zipatazo yeni bilioni 3.8, na karibu robo tatu yake ikarudi kwa wenyewe.

Uaminifu wa namna hiyo hulelewa tangu utotoni, nao huanzia katika vitu vidogo. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Mzazi amwambiaye mwanawe, “Hiyo ni senti tu, kanunulie peremende,” amemfundisha kwamba mali ya mtu huheshimiwa ikiwa kubwa tu. Siku atakapookota mkoba wa mgeni, mtoto huyo atajipimia mwenyewe ukubwa wenyewe ni upi.