Meli ya Watalii na Miti Yetu

Meli ya watalii inapofunga gatini Kilindini, Mombasa, abiria wake hushuka kwa saa chache tu. Je, wanakwenda wapi?

Wengine huenda Bamburi kutazama Haller Park. Zamani mahali hapo palichimbwa mawe ya kutengenezea saruji. Yakabaki mashimo makavu yasiyo na udongo. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti hapo. Mingi ilikufa, lakini mivinje ilistawi. Majani yake makavu yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo walikula majani hayo, na kinyesi chao kikasaidia kufanya udongo. Leo pana msitu, twiga, viboko na kobe wakubwa.

Watalii hutafuta pia vitu vya kununua. Huko Changamwe kuna wachongaji Wakamba walioanzisha ushirika wao mwaka 1963. Huuza vinyago vya wanyama, bakuli na vijiko. Kwa miaka mingi wachongaji wa Kenya walitumia mpingo na muhugu. Miti hiyo hukua polepole. Ilikatwa sana, ikaadimika. Miti ikiisha, mchongaji atachonga nini? Kwa hiyo wengi walianza kuchonga mwarobaini, ambao hukua upesi.

Ndugu msomaji, mtalii hutoa fedha kuona miti, tena hutoa fedha kununua kazi ya miti. Tukikata bila kupanda, tunakata riziki yetu wenyewe. Ukikata mti mmoja, panda miwili.