Spika zikae wapi ili masikio yasiumie

Mvua ya alasiri huku Sotik haina adabu. Inapoanza kupiga mabati, anayesikiliza muziki hunyanyuka na kuongeza sauti, kisha inapokatika husahau kuipunguza. Usiku hulala huku masikio yakimlia kama nyenje.

Mlio huo, msomaji, usiupuuze. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo sana, ambazo huipokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo. Kelele huzichosha. Zikipumzishwa mapema zaweza kupata nafuu, lakini zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa aghalabu ni zile za sauti nyembamba, na ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwamba anawasikia watu wakizungumza ila haelewi wanalosema.

Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) limekiweka kwa wanaosikiliza muziki kwa vifaa vya masikioni ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto ni 75. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Sikio halijali sauti imetoka wapi, kwa hiyo kipimo hiki chafaa hata sebuleni. Ikiwa yakubidi upaaze sauti ili asikie mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako, basi umepita kiasi.

Wengi hupita kiasi kwa sababu ya mahali walipoziweka spika. Utazikuta juu ya kabati, karibu na dari, au zimebanwa pembeni mwa chumba nyuma ya kiti. Sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba maneno ya wimbo, husafiri moja kwa moja na kukupita juu ya kichwa. Besi nayo huenea kila mahali, na pembe ya ukuta huizidisha mpaka ikafunika maneno. Unaongeza sauti ili uyasikie maneno. Besi nayo inapanda. Hapo hakuna mwisho.

Zishushe basi hadi usawa wa masikio yako unapokuwa umeketi. Ziachane, tuseme, mita 2, nawe ukae mita 2 kutoka kwa kila moja, zikiwa zimekuelekea kidogo. Zitenge na ukuta, walau nusu mita ikiwa chumba charuhusu. Kuta za saruji hurudisha sauti. Mapazia mazito, zulia na vile vitambaa vya viti ambavyo vijana huvicheka husaidia kuimeza. Mtoto asilale mbele ya spika, kwani hapo hupokea kelele nyingi kuliko wewe uliye kitini. Na mvua ikija, zima.

Ukitaka kujua kama umezipanga vyema, tafuta wimbo wa zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet, si mbali na hapa, wakiimba "Chemirocha". Stereo ilikuwa bado haijaingia majumbani, kwa hiyo spika zote mbili hutoa sauti ile ile, na waimbaji wapaswa kusikika katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Ukiukosa, sauti ya mtangazaji wa redio yatosha.

Sauti ikivutwa kuume, geuka uzipe spika mgongo. Ikihamia sikio la kushoto, kasoro iko kwenye spika au mahali pake. Ikibaki kuume, huenda sikio lako la kushoto ndilo linalosikia hafifu. Mara nyingi ni nta tu, lakini usiichokoe kwa njiti ya kiberiti; nenda ukachunguzwe. Sikio likiacha kusikia ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, usingoje siku ya soko. Fika hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa husaidia zaidi zikianzwa mapema.