Asiyekubali Kushindwa si Mshindani, Lakini Mchezo Uwe wa Haki



Kila baada ya uchaguzi tunakumbushwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingi anayetukumbusha ni yule aliyeshinda. Methali ni ya kweli, ila ina sharti lake: mchezo uwe wa haki. Huwezi kumwambia mtu akubali kushindwa ikiwa alizuiwa kuingia uwanjani, au ikiwa mabao yalihesabiwa gizani.

Leo tutoke kidogo Pwani, twende Cheptais. Ni mji mdogo wa soko kwenye mteremko wa Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Mwaka 2006 mzozo wa ugawaji ardhi katika makazi ya Chepyuk ulizaa kundi lenye silaha lililojiita Sabaot Land Defence Force. Sisi tuliokulia kati ya maskwota na mabwanyenye tunaelewa jinsi ardhi inavyoweza kugeuzwa kuwa siasa.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipofika, watu wengi wa mlima huo walikuwa wameshakimbia makwao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2008, lilieleza kwamba kundi hilo liliua watu zaidi ya 600 na kwamba lilitumika kutisha wapinzani wa kisiasa. Machi 2008 jeshi liliingia. Wanaume wa Cheptais na vijiji jirani wakakusanywa na kupelekwa kambi ya Kapkota, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti mateso na watu waliochukuliwa wasirudi.

Sasa jiulize. Kenya mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Aliyefurushwa kijijini amepotezaje kura yake? Hakuna aliyeiiba sandukuni. Haikufika sandukuni kabisa. Unaweza kuhesabu karatasi zote kwa uaminifu, na bado matokeo yasiwe sauti ya wakazi.

Wala tusijifanye mambo haya ni ya bara pekee. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na maelfu ya wakazi wenye asili ya bara wakakimbia. Desemba ile wengi wao hawakuwepo kupiga kura. Likoni na Cheptais ziko mbali, lakini somo ni moja: haki ya uchaguzi huanza miezi mingi kabla ya siku ya kura.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni hesabu. Baada ya uchaguzi huohuo wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Jaji Kriegler ilichunguza, ikasema matokeo yalikuwa yamevurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda urais. Yaani damu ile yote ilimwagika juu ya swali ambalo karatasi zenyewe hazikuweza kulijibu.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 86, inataka kura ziwe rahisi kuthibitishwa, zihesabiwe na kutangazwa palepale kituoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Hakuna mkubwa wa Nairobi wa kuyabadilisha. Septemba 1 mwaka huohuo Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikabatilisha uchaguzi wa urais. Na mwaka 2022 fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC, kila mwenye simu azisome mwenyewe.

Hapa kwetu tunayo Magarini. Mwaka 2022 ubunge uliamuliwa kwa kura 21 tu. Kesi ikapanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, matokeo yakabatilishwa, na uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 2025. Ni zaidi ya miaka mitatu. Haki ilipatikana, lakini ilichelewa mno. Hata hivyo, ugomvi ulipelekwa mahakamani, haukupelekwa msituni. Hapo ndipo faida ya uchaguzi safi inapoonekana. Anayeshinda angeapishwa hata kwa uchaguzi mbovu. Anayeshindwa ndiye anayehitaji sababu ya kurudi nyumbani kwa amani na kusubiri miaka mitano.

Agosti 2027 haiko mbali. Jiandikishe mahali unapoishi kweli. Usimpe mtu kitambulisho chako kwa noti ya mia tano. Ukisikia jirani anaambiwa ahame kabla ya kura kwa sababu ya kabila lake, usinyamaze ukidhani ni shida yake, maana kura yako nayo imeanza kuchafuka. Na jioni ya uchaguzi, pita kituoni usome matokeo yaliyobandikwa mlangoni, uyapige picha, kisha uyalinganishe na yaliyotangazwa.

Hapo ndipo tutakuwa na haki ya kumwambia aliyeshindwa: ndugu, kubali. Naye akituuliza kwa nini, tutakuwa na la kumwonyesha.

Wabillahi tawfiq.