Kukinga na Kuponya: Neno "Dawa" katika Habari za Vidonda vya Tumbo

Mwenyeji wa Mungaa, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, asemapo kwa Kiswahili kwamba ana vidonda vya tumbo, huenda ana maana ya maumivu ya chembe cha moyo, au kiungulia cha siku nyingi, au tumbo kujaa gesi. Tabibu wa hospitali hutumia maneno hayo hayo kwa maana nyembamba zaidi, yaani jeraha lililochimba utando wa ndani wa tumbo la chakula au wa mwanzo wa utumbo mwembamba. Hatari yake ni kwamba mti uliosifiwa kwa kutuliza kiungulia hutegemewa na mtu ambaye jeraha lake linatoka damu.

Neno "dawa" nalo lina upana wake. Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya meno husafisha meno. Dawa ya kikohozi hutuliza kikohozi. Basi mganga asemapo "hii ni dawa ya vidonda vya tumbo", kiungo "ya" hakielezi kama mti huo hukinga, hutuliza au huponya.

Mwaka 2012 watafiti wa Tanzania walitoa matokeo ya uchunguzi wa dawa ya kienyeji iliyochanganywa kwa mimea mitano: Rhynchosia recinosa, Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis, Entada abyssinica na Lannea schimperi. Panya walinyweshwa dawa kwanza, kisha alkoholi iliyotiwa asidi, ambayo huunguza utando wa tumbo kwa muda mfupi. Utando wa wale waliotangulia kupata dawa uliumia kidogo zaidi, na kinga ilizidi kadiri kipimo kilivyozidi. Matokeo hayo si haba. Lakini lililoonyeshwa ni kukinga, wala si kuponya. Mgonjwa wa Mungaa aijiaye dawa amekwisha kuumia.

Tena kuna jambo la chanzo. Zamani lawama ilitupiwa asidi na mashaka ya moyo, hata Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, kwa kazi waliyoifanya mwaka 1982, wakamfichua bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Yeye pamoja na dawa za maumivu kama aspirini ndio wasababishao sehemu kubwa ya vidonda hivi. Mti waweza kuulinda utando dhidi ya asidi na bakteria huyo akabaki mahali pake.

Mwanaisimu naye ana kazi hapa. Kirimi, lugha ya Wanyaturu, kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Jina la mti likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, sauti mbili zilizo mbali huweza kuwa herufi moja, na miti miwili ikawa mmoja daftarini. Wataturu wa mkoa huo huo husema lugha ya Kinailoti, isiyo na nasaba na Kirimi. Hivyo jina lililoandikwa pasipo jani, ua na gome la mti wenyewe halitoshi. Wala haitoshi kuuliza, "Dawa ya vidonda vya tumbo ni ipi?" Yafaa kuulizwa kwamba hunywewa kabla ya maumivu kuanza au baada yake, kwa siku ngapi, na mtu akiiacha maumivu hurudi au hayarudi.