Kompyuta ya Chama na Safari Mbili za Dar es Salaam

Ndugu wanachama, katika mkutano wetu uliopita alisimama mzee mmoja wa Wete akauliza: "Wanangu, ile kompyuta mliyotununulia mwaka 2021 imekufa, au imeuawa?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Fedha zilikuwa za ada zenu, na sisi, katibu na mweka hazina, ndio tuliokwenda kuinunua. Siku ile tulijibu kwa haraka na hatukueleweka, basi twajibu hapa.

Mwezi wa Mei 2021 tulivuka kwenda Dar es Salaam. Msimu wa karafuu ulikuwa mlangoni, na daftari la wanachama lilikuwa limechakaa hata majina mengine hayasomeki. Tulifikia kwa jamaa zetu Tandika, wilaya ya Temeke, tukazunguka siku mbili: kwanza Kariakoo, kisha maduka madogo ya huko huko Temeke, mwisho Kinondoni upande wa Mwananyamala. Mtu asiyeyajua maduka hayo hudhani kila kompyuta iliyomo ni mpya. La. Nyingi ni mitumba, zilizokwisha kutumiwa maofisini Ulaya, Marekani au Dubai, zikafutwa vumbi na kupangwa vizuri nyuma ya kioo. Kununua mtumba si aibu, na chama kama chetu hakina uwezo wa zaidi.

Kinondoni tukaona moja yenye alama ya Core i5 na kumbukumbu ya GB 8, kwa Shs. 520,000/-. Ubavuni mwake ilikuwapo nyingine, sura moja, alama ile ile ya i5, kwa Shs. 640,000/-. Tukamwuliza muuzaji tofauti ni nini. Akasema, "Hiyo ni mpya kidogo tu, mabosi wangu." Tukachukua ya rahisi, tukarudi tukijisifu kwamba tumekiokolea chama Shs. 120,000/-.

Tarehe 24 Juni mwaka ule ule kampuni ya Microsoft ikatangaza Windows 11, na tarehe 5 Oktoba ikatoka. Kutoka kwa kitu kipya si ajabu, lakini safari hii kilikuja na sharti kali: kwa mashine za Intel, karibu zote za kabla ya kizazi cha nane zikaachwa nje. Yetu ilikuwa ya kizazi cha saba. Ile ya Shs. 640,000/- ilikuwa ya kizazi cha nane. Hiyo ndiyo maana ya "mpya kidogo tu".

Hapa ndipo penye kosa letu, na twalikiri. Tuliisoma alama ya i5 tukadhani inatosha, kumbe alama hiyo haisemi umri. Umri umo katika tarakimu zinazoifuata. Ikiandikwa i5-7200U, ile 7 ya mwanzo ndiyo kizazi. I5-8250U ni kizazi cha nane. Na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Tungaligeuza macho dakika moja tungaliona.

Wapo wanachama wanaosema tungengoja mwezi mmoja tu. Twawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Mitumba ya mashine mpya haifiki Kinondoni kwa mwezi mmoja. Tungalirudi dukani tungalikuta zile zile. Na msimu je? Karafuu ikichanua mtini imekwisha kupoteza thamani yake, wala haimngojei katibu apate mashine bora. Wala muuzaji hatakwambia kwamba nyingine inakuja. Mwaka 1983 kampuni ya Osborne ya California ilitangaza mashine mpya kabla haijawa tayari. Yasimuliwa kuwa wanunuzi walizuia fedha zao wakingoja, na mwezi wa Septemba kampuni ikafilisika. Wengine husema ilikuwa na matatizo mengine pia. Hata hivyo wafanya biashara hawakukisahau kisa hicho.

Basi mashine yetu haikufa. Ilifanya kazi kwa Windows 10 miaka minne na zaidi, na uzani na ada za misimu hiyo yote zimo ndani yake. Lililotokea ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya usalama ya bure. Mashine yawaka kama kawaida, lakini ni kama ghala ambalo mlinzi wake ameondoka. Na ndani ya ghala hili yamo majina yenu, namba zenu za simu na hesabu zenu.

Kwa hiyo tukavuka mara ya pili, na mashine tumeikumbatia. Fundi mmoja kijana wa Temeke aliitazama, akasema, "Kaka zangu, msiitupe." Akatueleza kuwa Microsoft imeongeza mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa mashine za watu binafsi, lakini mwaka ukiisha tutarudi pale pale. Shauri lake lilikuwa kuitoa Windows na kutia Linux, ambayo hailipiwi na ambayo ingali ikirekebishwa kwa mashine za umri huu. Kwanza tulinakili kila kitu katika flashi mbili. Kazi ikachukua tangu asubuhi hadi alasiri, na printa ikakataa kuchapa mpaka karibu na magharibi, nasi tumekaa juu ya benchi tukiomba Mungu. Jedwali la wanachama lilipofunguka, tulilihesabu jina kwa jina. Hakuna lililopotea. Fundi alipokea Shs. 40,000/-.

Wanachama wawili wa kamati wangali wakitaka tununue nyingine mwaka huu, na jambo hilo litaletwa mbele ya mkutano ujao. Kompyuta iko ofisini. Risiti ya Kinondoni na ya Temeke zimo katika jalada moja. Atakaye kuziona na aje asubuhi siku yoyote ya kazi, isipokuwa Ijumaa baada ya saa tano.