Swichi ya Mtandao na Jedwali lake la Anwani

Kompyuta zilizomo katika jengo moja, kama vile hospitali, huweza kupelekeana habari kwa nyaya. Nyaya hizo hukutana katika kisanduku kiitwacho swichi ya mtandao. Hii si swichi ya kuwashia taa. Ina matundu mengi, na katika kila tundu huchomekwa waya mmoja. Kazi yake ni kupokea habari na kuitoa katika tundu la mpokeaji tu. Je, swichi hulijuaje tundu hilo?

Kila kifaa cha mtandao hupewa anwani kiwandani. Anwani hiyo ina alama 12, ambazo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Kila habari hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji.

Jaribio

Wanafunzi wanne wakae kwenye madawati yenye namba 1 hadi 4. Waitwe Twiga, Simba, Chui na Nyati. Mwanafunzi wa tano awe swichi. Asielezwe nani amekaa wapi, ila apewe karatasi tupu.

Kutoka dawati la 1 apokee barua hii: "Kutoka kwa Twiga, kwenda kwa Chui." Kwanza aandike: "Twiga, dawati 1." Kisha amtafute Chui katika karatasi yake. Kwa kuwa hayumo, aionyeshe barua kwenye madawati yote isipokuwa la 1. Chui, aliye kwenye dawati la 3, ajibu. Sasa swichi aandike: "Chui, dawati 3," na apeleke jibu moja kwa moja kwa Twiga.

Umeona nini? Swichi hujifunza kutokana na anwani ya mtumaji. Karatasi ile ndiyo jedwali la anwani.

Kulitunza jedwali

Vifaa huhamishwa au kuzimwa. Kwa hiyo swichi nyingi hufuta anwani isiyotuma habari kwa sekunde 300, yaani dakika 5. Kifaa kikihamia tundu jingine na kutuma habari, swichi hurekebisha jedwali.

Nafasi ya jedwali ina kikomo. Mtu mwovu aweza kutuma maelfu ya anwani za uongo mpaka jedwali lijae. Hapo anwani mpya za kweli hukosa nafasi, na habari ziendazo kwao hutolewa katika matundu yote. Habari za mgonjwa, zilizokusudiwa daktari, zaweza kusomwa na asiyehusika.

Ili kuzuia hatari hiyo, mtunza mtandao huweka kikomo cha anwani kwa kila tundu. Kikomo kikipitwa, swichi huzikataa anwani zilizozidi au hulifunga tundu. Aweza pia kuandika mwenyewe anwani za vifaa muhimu, nazo hazifutwi muda unapopita.

Maswali

1. Swichi hufanya nini isipoijua anwani ya mpokeaji?
2. Kwa nini anwani za zamani hufutwa?
3. Rudieni jaribio, lakini karatasi iwe na nafasi ya majina mawili tu. Elezeni mlichoona.